Mtihani wa Matope ya Gazi

Sogeeni jamvini, wajukuu zangu, na mwenye simu aizime. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha kweli kilichotokea hapa hapa Kwale, baina ya Diani na Msambweni, mahali ambapo nyote mmepapita kwa matatu mkielekea Lunga Lunga bila hata kugeuza shingo.

Nimewasikia mkibishana tangu alasiri. Mmoja wenu kasema msomi ni mwenye digrii. Mwingine kasema ni yule anayemwaga Kiingereza bila kukwama. Wa tatu, na huyu kanichekesha, kasema msomi ni mtu anayevaa soksi hata ufuoni. Siwajibu sasa hivi. Twende Gazi kwanza, tukae huko kidogo, maana matope ya Gazi yanajua kutahini watu.

Gazi ni kijiji cha pwani, kilomita 50 na ushei kusini ya Mombasa. Mbele yake kuna ghuba, na ghuba hiyo imezungukwa na mikoko yapata hekta 600. Nikisema mikoko msifikirie mti wa aina moja. Kuna mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda ikasimama juu ya matope. Kuna mlilana, mchu, muia, mkandaa na mkomafi. Wazee wetu waliipambanua yote kwa sababu kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo vya baharini. Ganda la mkandaa lilitoa rangi. Mkoko ulijenga nyumba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake na bei yake. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi yamesheheni boriti, karne baada ya karne, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mkataji ambaye hajapata kushika kalamu aliweza kuutazama mti uliosimama akakwambia: huu ni mazio, na ule ukiachwa utafika boriti. Je, huyo si msomi? Ngojeni, msijibu.

Katika miaka ya 1970 Gazi ilipatwa na balaa. Viwanda vya matofali na vya chokaa vilihitaji kuni, na mkoko huwaka kwa moto mkali. Sehemu za ghuba zikafyekwa zikabaki tupu. Watu walidhani miti itarudi yenyewe, kama ilivyokuwa ikirudi zamani wakataji walipochagua mti mmoja hapa na mwingine pale. Safari hii haikurudi. Mizizi ikishaondoka, mawimbi huusogeza mchanga huku na huku, na mche mchanga haupati pa kushika. Miaka ikapita, pale palipokuwa na msitu pakawa uwanda mtupu ambao jua la mchana lilikuwa likiuchoma.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ile mnayoisikia ikiitwa KMFRI, walianza kupanda mikoko Gazi. Miongoni mwao alikuwamo James Kairo, ambaye jina lake leo linajulikana popote wanapokutana wanasayansi wa mikoko. Kupanda mikoko kunaonekana jambo jepesi, na hasa mkoko wenyewe. Mbegu yake huota ikiwa ingali juu ya mti. Hurefuka ikining'inia, kijani, imechongoka upande wa chini, kisha huanguka. Ikianguka maji yamepwa, huenda ikajichoma matopeni papo hapo. Ikianguka yamejaa, huelea ikaenda zake mpaka ipate ardhi. Mtu akitaka kupanda, anaokota mbegu, anaichomeka, basi. Watoto wa darasa la pili wanaweza kupanda mia kabla ya chai.

Na hapo ndipo wengi wanapoanguka mtihani. Kule Ufilipino miche mingi mno ilipandwa kwa fedha nyingi, mingi ikiwa ya jamii hii ya mkoko kwa sababu ndiyo rahisi kuchomeka, na ikapandwa kwenye matope ya chini ambako maji hukaa muda mrefu. Mingi ikafa. Waliopanga kazi ile hawakuwa watu wasiokwenda shule, jamani. Walikuwa na vyeti. Lakini kila aina ya mti ina mahali pake: mlilana hustahimili kukaa mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, mkoko hufuata nyuma yake, mkandaa hupenda ardhi ya juu ambako maji hufika mara chache. Ukikosea kwa hatua ishirini umekosea kabisa, na matope hayakupi alama za huruma.

Sasa nitatunga kidogo, mniwie radhi, ili mpate kuona. Tuseme kijana mmoja katoka chuo kikuu, ana buti mpya na daftari. Anasimama ghubani anachagua mahali pa kupanda. Karibu naye kuna mama anayetanda uduvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwapanda nini hapo?"

"Mkoko, mama."

"Hapo? Hapo maji hayaondoki mapema. Bamvua likija, mche wako utazama saa nyingi. Mimi hapo nasimama maji yanifika kifuani wakati kule wenzangu washafika magotini."

Kijana ana njia mbili. Anaweza kutabasamu kwa adabu, akaandika daftarini alichokuja nacho kichwani, akapanda. Au anaweza kusema: "Mama, hebu nionyeshe yanapoishia." Akamfuata, akaweka kijiti, akarudi siku ya bamvua na siku ya maji mafu, akapima mwenyewe, akaona kama maneno ya mama yana ukweli au mama kazidisha. Maana mama naye anaweza kukosea. Haya, kijana wa njia ya kwanza na wa njia ya pili wana digrii moja, wameipokea siku moja. Niambieni nani kasoma.

Hebu niseme jambo la bamvua, maana najua kuna wenu wanaolijua nusu. Mtoto wa mvuvi anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, kama dakika 50. Hajui kwa nini. Mtoto wa pili kakariri kwamba mwezi na jua huivuta bahari, na kwamba siku hizo mbili huvuta kwa mstari mmoja, ndiyo sababu maji hupanda mpaka karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hukingamana, tukapata maji mafu. Kayaandika vizuri, kapata alama zote. Lakini mpeleke Diani umuulize, "Kesho tukitaka kutembea hadi mwambani, tutoke saa ngapi?" atakutumbulia macho. Mimi nimewaona wote wawili, na mara nyingi hukaa nyumba moja, ndugu wa tumbo moja, na hawajapata kuulizana.

Turudi ghubani. Miti iliyopandwa kwa uangalifu ilishika. Mwaka 2013 watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wakaanza mradi wanaouita Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za mikoko. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa wanakijiji kuuza hewa ukaa kutokana na mikoko. Mtauliza, hewa inauzwaje? Mti huvuta hewa ukaa ukaifanya kuwa shina, tawi na mzizi. Mikoko ina siri ya ziada: majani na mizizi yake ikifa huzama kwenye matope ambayo hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo haiozi upesi, na ile kaboni hukaa chini humo miaka mamia. Watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao hulipa kwa tani. Gazi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mimi nina neno langu juu ya tajiri anayeendelea kufukiza moshi akamlipa mwingine amtunzie miti, lakini hilo ni la usiku mwingine. Fedha zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini mnunuzi halipi kwa kuambiwa tu kwamba miti ipo. Lazima ipimwe. Mti wa kawaida hupimwa unene wake mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko je, ambao mizizi yake imeinuka juu ya matope, pengine kumpita mtu kimo? Huwezi kupima mzizi ukasema umepima shina. Kanuni ni kupanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, ndipo uzungushe utepe. Wapo wanakijiji wanaozifanya kazi hizi, na baadhi yao shule waliiacha mapema. Ukiwauliza kwa nini hapa na si pale, wanakueleza, na wanakuonyesha kwa kidole. Huo unene ambao babu zao waliupa majina ili wajue bei ya kukata, wao wanauandika ili wajue thamani ya kutokata.

Basi nitawapa jibu langu, na mkitaka kulikataa likataeni. Mimi nasema msomi ni mtu anayeweza kukueleza sababu ya anachokijua, na ukimwonyesha kwamba sababu yake ina tobo, hakasiriki. Anainama kuitazama upya. Mkataji wa boriti anayeweza kukwambia kwa nini mti huu uachwe ni msomi. Mwenye digrii ambaye ukimuuliza mara ya pili anapandisha sauti, huyo bado yuko njiani.

Naona mmoja wenu anatabasamu. Najua anachowaza: "Kumbe shule si lazima." Futa hilo. Keti vizuri nikwambie habari ya mwaka 1908.

Mwaka huo serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa pwani. Mwenye ardhi alitakiwa kwenda kudai, aonyeshe ushahidi, apewe hati. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wenye kujua kusoma tangazo, wenye karatasi, wenye wakili, walikwenda. Wadigo na Waduruma walio wengi, na Wamijikenda wenzao huko kaskazini, walijua ardhi yao kwa minazi waliyoipanda, kwa makaburi ya wazee wao na kwa mashahidi walio hai. Elimu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini afisa aliyekaa mezani hakuuliza minazi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wako watu wa Kwale wanaoitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa kujua kusoma ni mambo ya wazungu, mwombe akuonyeshe hati ya shamba lake.

Kimani Maruge alilielewa hili vizuri kuliko wengi wetu. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, yeye alikuwa mzee sana. Mwaka 2004 akajitokeza shuleni kule Eldoret, umri wa miaka 84, kaptura na soksi za shule, akaketi darasa la kwanza na watoto wa miaka sita. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe asisomewe, na alitaka kuhesabu fedha zake. Wengi walimcheka. Mimi nakumbuka zaidi kwamba alikubali kusahihishwa mbele ya watoto walio sawa na vitukuu vyake. Nyinyi, mdogo wako akikusahihisha hesabu, unamrushia kandambili.

Sasa tusogee Kinondo, si mbali, kusini kidogo ya Diani. Mnaijua Kaya Kinondo. Kaya zilikuwa makazi ya wazee wetu ndani ya msitu. Watu walipohama, msitu ukabaki na makaburi na mahali pa kuombea. Ukiingia hufungwa kaniki nyeusi. Huvunji kijiti, huondoki na jani, hupigi kelele, na wapenzi hawabusiani humo. Kwa sheria hizi, misitu mingine ya pwani ilipokuwa ikigeuzwa mashamba, vipande hivi vikabaki vimesimama.

Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 wataalamu wa mimea, miongoni mwao Ann Robertson na Quentin Luke, walizunguka kaya hadi kaya wakiorodhesha miti. Wakakuta mimea adimu ambayo kwingine ilikuwa imekwisha au ilikuwa haijapata kuandikwa. Kuanzia mwaka 1992 serikali ikaanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza Kaya Kinondo na baadhi ya wenzake katika Urithi wa Dunia.

Lakini hadithi ya kaya ina upande wake mchungu, na mimi siupiti kimya. Hoteli zilipoanza kushamiri Diani na bei ya ardhi kupanda, baadhi ya kaya zilizo karibu na ufuo zilimegwa. Na si wageni peke yao waliozimega. Vijana wetu wenyewe waliingia na mapanga na misumeno. Kwa nini? Njaa ilikuwamo, na fedha ilikuwamo. Ila nadhani pia kuna jambo lililotokea majumbani mwetu. Kijana alipouliza kwa nini mti huu usikatwe, alijibiwa, "Ni mwiko," na mazungumzo yakaishia hapo. Alipokwenda shule akauliza kwa nini maji yanachemka, akajibiwa, "Imeandikwa kitabuni," na mazungumzo yakaishia hapo pia. Kwangu mimi majibu hayo mawili ni ndugu. Yote mawili yanamfunga mtoto mdomo. Kijana huyo akikua akakuta kwamba ameukata mti na radi haikumpiga, atazuiwa na nini?

Wazee walikuwa na sababu, tena nzuri: dawa zilizomo, kivuli kinachotunza chemchemi, heshima ya waliolala humo. Hawakuzoea kuzieleza, kwa kuwa zamani hakuna aliyehitaji maelezo. Ndiyo maana mimi nawastahi wazee wa Kinondo, ambao mwaka 2001 waliamua kuifungua kaya yao kwa wageni wenye adabu. Vijana wa kijiji wakajifunza kuwaongoza. Mwongozaji mzuri atakuonyesha mti, akutajie jina lake la Kidigo na jina lake la kisayansi, akwambie unatibu nini. Na akifika mahali pa kutopita, atakwambia hapa hatupiti. Sababu nyingine anazo, nyingine kaapa kutozisema, na tofauti ya hizo mbili anaijua. Hilo la mwisho ni gumu kuliko mnavyodhani.

Nimtaje na mtu mmoja wa Lamu, kisha niwaache. Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa mwaka 1927, akaishi Mombasa miaka mingi, akafariki mwaka 2017. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Maprofesa wa Ulaya na Marekani walikuwa wakivuka bahari kuja kumuuliza Kiswahili. Aliandika Sambo ya Kiwandeo, ambao ni utenzi juu ya uundaji wa chombo, na Umbuji wa Mnazi, juu ya mti ambao hapa Kwale kila mmoja wenu ameukwea au ameanguka kutoka kwake. Ndani ya tenzi hizo mna majina ya vifaa, vipande na kazi ambayo huyapati ila kwa kuketi na waunda vyombo na wagema na wasusi wa makuti, ukauliza, ukauliza tena. Mgema anaujua mnazi kwa mikono na miguu yake. Nabhany aliuliza mpaka naye akaujua, kisha akauandika ili na wewe uujue.

Haya, usiku umekwenda na mama zenu wanaita. Nina swali moja la kuondoka nalo. Mkienda Gazi maji yakiwa yamepwa, tazameni mchu, ule wenye mizizi myembamba inayochomoza wima ili ipate hewa. Mtaukuta upande wa bahari. Mkiingia katikati ya msitu utapungua, mtakutana na mkoko na mkandaa. Mkifika nyuma kabisa, kule ardhi inakokauka na kuota chumvi, mtaukuta mchu tena, ila mfupi. Mti mmoja, mahali pawili, na katikati kama haupo. Kwa nini? Mwulizeni mwalimu wa sayansi, kisha mwulizeni mvuvi. Wakipishana, njooni na majibu yote mawili Alhamisi baada ya isha, na mje na aliyeyakataa yote mawili pia, nataka kumsikia.